Masahihisho

Rasimu ililetwa Ijumaa na mtoto wa Maalim Asaa,
imekunjwa ndani ya daftari la hisabati.
Kurasa kumi na moja. Mashine ilikuwa haina wino,
herufi za mwisho wa mistari zimepauka kama kanga ya jikoni.
Nikala, nikaosha masufuria,
ndipo nikatoa kalamu nyekundu.

Sijui kusoma kwa njia nyingine.
Miaka ishirini na sita nafundisha Kiswahili Wete,
nikiona sentensi mkono unaniwasha.

Kifungu cha tisa. Katiba ya zamani:
"Katibu wa tawi ataitisha mkutano kila miezi mitatu."
Rasimu: "Katibu wa tawi anaweza kuitisha."
Nikaandika pembeni: na asipoweza?

Kifungu cha kumi na mbili:
"Michango ya wanachama itatumika kwa shughuli za chama."
Itatumika. Kauli ya kutendeka,
naisomesha kila mwaka darasa la sita:
kikombe kimevunjika,
wala hapana aliyekivunja.
Nikapiga mstari. Nani atatumia? Mtaje.

Kifungu cha kumi na tano kinashusha akidi,
kutoka nusu ya wanachama hadi theluthi,
"kwa kuzingatia msimu wa karafuu."
Hapa nilicheka peke yangu jikoni.
Kweli, msimu ukishika hata mimi huchambua usiku.
Lakini theluthi ya watu
ni Maalim Asaa, mashemeji zake, na wenye hamu ya soda.
Nikakikata mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi tukakaa skuli, kwenye madawati ya watoto,
magoti juu, Mwalimu Shaame na tumbo lake kakaa upande.
Barabarani majamvi ya karafuu yameanikwa,
harufu ikawahi kuingia kabla ya watu.
Nikasimama na kurasa zangu nyekundu,
kifungu kwa kifungu, kwa sauti ya darasani.
Maalim Asaa akavua kofia, akaivaa, akaivua.
"Bi Mize, hii siyo insha."
Nikamwambia, insha ningeisamehe.

Kisha akanyanyua mkono Mkasi,
aliyesimama nyuma, karibu na mlango,
kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kukaa.
Mwaka wa nne anafundisha hisabati kwa kujitolea,
nauli anapewa na mama yake.
"Naomba kifungu cha tatu," akasema.
"'Mwalimu ni mtu aliyeajiriwa.'
Mimi nani?"

Rasimu haikukigusa kifungu cha tatu.
Wala kalamu yangu haikukigusa.
Nilikipita kama mtu apitavyo mlango wa kwao,
kwa sababu nilikiandika mimi,
mwaka ule tawi lilipoundwa, hati yangu hii hii,
nikajivunia ufupi wake.
Aliyeajiriwa. Kauli ya kutendwa.
Na nani, sikuandika.
Na asiyeajiriwa je, hapana aliyeniuliza.

Nikasema, taratibu kuliko nilivyosema yote:
"Iandikwe, mwalimu ni mtu anayefundisha."
Mikono ikahesabiwa mara mbili.
Mingi. Hata wa Maalim Asaa, nusu mkono.

Ndipo Shaame, mwenye daftari la mahudhurio,
akakohoa.
Wanachama mia na arobaini na wawili,
tuliopo hamsini na wanane.
Nusu haikutimia. Mkutano si mkutano, kura si kura,
kwa kifungu cha kumi na tano, kile cha zamani,
nilichokipigania usiku kucha.
Kwa theluthi tungelimpata.

Hapana aliyenitazama, nawashukuru.
Watu wakakimbilia majamvi, wingu lilishatanda.
Mkasi akabaki kufuta ajenda ubaoni,
maana Jumatatu saa moja na nusu ana desimali.

"Wiki mbili zijazo," nikamwuliza, "utakuja?"
"Naweza kuja," akasema,
na kalamu nilishaitia mkobani.