Saa Kumi Alasiri

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu.
"Mwombaji aliinua mikono yote miwili.
Alitembea bila kushikwa. Alizungumza vizuri.
Anaweza kufanya kazi."
Chini, mhuri wa samawati, umekaa upande.

Yote kweli. Sikatai.
Nilipimwa saa mbili na robo asubuhi,
nimelala, nimeamka, nimekunywa uji,
na saa mbili na robo mimi ni mzima kama kengele ya shule.
Siku njema huonekana asubuhi, husema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kuniona jioni.

Jioni kope ya kushoto hushuka yenyewe
kama dirisha la kibanda kanjo wakitajwa.
Vidole havibani pini ya nguo kambani.
Taya husimama katikati ya tonge.
Kasyoka, binti yangu, ameacha kuuliza:
chajio nakula saa nane mchana,
taya likiwa bado langu.

Miaka kumi na saba nilihesabu chupa
kiwandani, Barabara ya Lunga Lunga,
ishirini na nne kwa kreti, sikukosea.
Kisha nikaanza kuona chupa mbilimbili.
Msimamizi akasema: pombe.
Mimi, mlokole!

Daktari Chelagat, yule wa pili, mwenye raba za buluu,
alijaza barafu ndani ya glovu, akaipiga fundo,
akailaza juu ya kope. Dakika mbili.
Kope ikapanda.
Akanyamaza kidogo, akaniandikia jina: miastenia.
Nililirudia ngaziwe yote hadi chini,
kama jina la mkwe ambaye bado sijamzoea.
"Misuli ipo," alisema. "Ujumbe ndio haufiki."
Nikamwambia: hata ofisini kwao haufiki.

Kijana wa saiba akachapa, "Naomba kwa unyenyekevu."
Futa, nikamwambia. Andika: Napinga.
"Mama, hivyo watakasirika."
Napinga, na nataka kupimwa tena,
saa kumi alasiri.
Nakala tatu, shilingi kumi kumi.
Katika siku thelathini zilikuwa zimebaki mbili.

Walikuwa watatu, ghorofa ya sita, lifti mbovu.
(Lifti hiyo niliishukuru. Ilikuwa shahidi wangu.)
Bwana Wesonga akafungua faili, akanitazama:
"Lakini unaonekana sawa."
Sikubishana. Nikasema, niruhusuni nihesabu.
Hadi hamsini, kwa sauti.
Kreti mbili, na chupa mbili juu.

Moja, mbili, tatu,
kumi ilitoka kwa maringo ya mtoto wa nasari,
kumi na tisa ikaanza kupitia puani,
ishirini na nne, kreti ya kwanza,
nikameza mate, yakakataa kushuka,
ishirini na saba
ishirini na
nane
ishi

Mama wa kumbukumbu, aliyekuwa akiandika kila neno,
akaacha kuandika.
Chini barabarani mtu alikuwa akinadi soksi, jozi tatu hamsini,
koo lake zima, halichoki.
Nikaendelea kwa vidole
mpaka navyo vikalala mezani.

Bwana Wesonga akaangalia saa yake, ila si kwa haraka.
Saa kumi na dakika kumi na nane.
Akaiandika pembeni mwa faili. Nilimwona akiiandika,
ingawa nilimwona mara mbili.

Jibu sijapata. Hii ni wiki ya tano.
Kasyoka hukagua simu, mimi hukagua sanduku la posta.
Leo asubuhi, jikoni, nimehesabu hadi mia mbili
bila kukwama, sauti imenyooka,
halafu nikafunga dirisha upesi
nisije nikasikiwa.