Kipimajoto Kisichogusa

Huwezi kuchovya kidole ukaonja.
Wala chuma, wala almasi:
kilichofungwa ndani ya pete ile ya sumaku
kina joto la digrii milioni sitini,
na chochote utakachokitia humo kupimia
kitakuwa mvuke kabla hakijajibu.

Kwa hiyo tunatuma nuru.

Mwali wa leza, wa rangi moja isiyoonwa na jicho,
unashuka kwa dirisha la juu, unatokea la chini,
nanosekunde kumi tu, haya, umekwisha pita.
Njiani unapigana vikumbo na elektroni:
zinazotujia zinausukuma upande wa samawati,
zinazotukimbia zinauvuta upande wa wekundu.
Iliingia rangi moja, zikatoka tele.
Upana wa tele hiyo ndio homa ya moto.

Shida ni uchache.
Katika fotoni trilioni mia tunazozituma
moja, pengine, inarudi na habari.
Miaka minne nilichora njia ya hiyo moja:
lenzi saba, kioo, nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele,
huku nje ya dirisha langu Mto Ryck
ukiganda, ukiyeyuka, ukiganda.

Rangi nyeusi haikutosha.
Henning Radloff, fundi wetu, aliipaka mara tatu,
na bado bawaba moja ya mlango iling'aa
mara elfu kuliko tulichokitafuta.
Akaenda Anklam, akanunua nyembe mia sita.
Muuzaji akamuuliza kama anafungua kinyozi.
Akazipanga makali nje, bega kwa bega,
na nuru iliyoingia kati ya wembe na wembe
ikagongwa huku, ikagongwa kule, haikurudi.
Vyuma vinavyomeremeta, vikipangwa, vikawa usiku.
Nilisogeza uso karibu nikarudi nyuma.

Mwaka huohuo mama alilazwa Stralsund.
Muuguzi alimwelekezea kifaa kwenye paji la uso
kwa mbali, akasoma namba, akaiandika.
Mama akanigeukia: Gesine, mbona hanigusi?
Nikaanza kumweleza habari za mnururisho.
Nilieleza vizuri sana.

Machi, plazma yetu ilianza kuchoka.
Kila siku, saa nane mchana,
elektroni zilipungua, asilimia tano, asilimia tisa,
jioni zikarejea.
Tuliandika ripoti. Tukaita vikao.
Mtu mmoja alipata nadharia, na nadharia ilikuwa nzuri,
ilikuwa na milinganyo mitatu.

Swantje, mwanafunzi, alikuwa akila mkate wake
ameegemea ukuta wa kusini.
Akaweka kiganja ukutani. Akakiacha hapo.
"Una joto," alisema.

Jua. Jua la Machi tu, la Pomerania, jua la kubahatisha,
liliupasha ukuta, ukuta ukavuta mnara,
mnara ukainamisha kioo kwa unene wa karatasi,
na kwa umbali wa mita ishirini na nane
mwali wangu ukawa unapita kando ya shabaha.
Plazma haikuchoka hata dakika moja.
Tulikuwa tunapima jengo, tukiliita nyota.

Henning alikata kamba ya mnara na ukuta kwa msumeno.
Nikachora upya miguu ya kioo, ikasimama sakafuni peke yake.
Swantje akapewa ufunguo wa ukumbi,
na nadharia ile nzuri bado ipo mahali fulani, kwenye droo.

Leo tumepiga pigo la elfu nne mia moja na kumi na saba.
Skrini imetoa nukta ishirini na nane,
kila moja imeshika kijiti chake cha shaka,
kirefu pembeni, kifupi katikati.
Zamani vijiti hivyo vilinitia aibu.

Henning amesimama nyuma yangu na kahawa.
"Sasa lina joto kiasi gani?"
"Kati ya milioni hamsini na nane na sitini na tatu."
"Yaani hujui."
"Hivyo ndivyo ninavyojua," nikamwambia,
na mkono wangu, bila kuuagiza,
ukaenda ukutani.
Baridi. Saa nane na robo, na baridi.