Koza

Bronisława, chini ya milima ya Tatra,
ana koza wanne, na mmoja tu ana ndevu.

Wa kwanza hula kuni: tumbo la chuma,
bomba limetoboa dari. Theluji ikianguka
bibi humpapasa mgongo, akaungua kidole, akamtukana.

Wa pili ananing'inia ukutani, ngozi tupu na filimbi.
Marehemu Wawrzek alikuwa akimkumbatia kwapani, akampa pumzi,
naye akalia hadi harusi nzima ikanyamaza.
Tangu mazishi, hakuna mwenye mapafu yale.

Wa tatu yuko shuleni. Mjukuu, Jędruś,
karudi giza limeingia: "Nilikuwa ndani ya koza,"
yaani mwalimu kamfungia darasani kwa utundu.
Kidole ki puani anapojitetea,
na anachokichomoa huko, samahani, nacho ni koza.
Huyo wa tano sikumhesabu.

Nilicheka, mgeni mimi, kisha nikakumbuka kwetu:
mbuzi *wa* zizini hulia,
mbuzi *ya* jikoni hukaliwa, ikakuna nazi.
Herufi moja tu ndiyo inayomwokoa mnyama.

Wa nne yuko bandani. Maziwa yamekatika,
daktari wa mifugo ametikisa kichwa na kukataa chai.
Wao husema, *mbuzi hufa mara moja tu*,
mtu akijitosa kwenye jambo la kutisha.
Usiku bibi aliusema msemo huo polepole,
kibatari mkononi, majani makavu magotini.

Hakuwa anajitosa popote.
Alikuwa anamsema mbuzi.