Pigo la Nne

Niulizeni mimi, niliyekaa nyuma yake na debe.
Debe la rangi, la lita ishirini,
kijani kile walichopaka madirisha ya shule
mwaka aliokuja mkaguzi.
Toazi lilikuwa kifuniko cha sufuria ya mama yangu,
na mama hadi leo anakidai.

Mwantumu Kihiyo, kidato cha tatu, mkondo B.
Gitaa alilinunua kwa walokole wa Majengo
walipopata kinanda.
Nyuzi tano. Ya sita ilikuwa waya wa breki ya baiskeli,
na ndiyo iliyokuwa ikisema kweli.
Spika tuliazima kwa muuza dawa ya panya:
tulisubiri afunge mnada wake stendi,
tukaiburuta hadi gala la machungwa la baba yake,
tukapiga mpaka umeme ukatike.
Ulikatika saa mbili. Muheza nzima
ungeweza kurekebisha saa kwa giza lile.

Haukuwa muziki wa kukalia kiti.
Ulikuwa mbio, dakika mbili na nusu, basi,
kama mtoto anayetaka kusema yote kabla hajachapwa.
Magazeti baadaye yakauita panki.
Kwetu panki ni mtindo wa nywele.
Mzee Kihiyo alichungulia: hiyo ni ngoma au mnagombana?
Vyote, mzee.
Machungwa yakatetemeka kwenye matenga.

Kisha akapaka nywele rangi ya chungwa,
blichi ya saluni na hina ya dada yake aliyekuwa anaolewa,
akaingia mstarini Jumatatu hivyo hivyo.
Mwalimu Semboja wa nidhamu akamnyoa mbele ya shule,
nusu kichwa; kengele ikalia, akaenda kufundisha.
Nusu iliyobaki Mwantumu hakuigusa.
Alitembea nayo miezi miwili,
na usiku ule ule akaandika "Mkasi".

Mnaujua. Hata Semboja anaujua,
nimemsikia akiuimba dukani akisubiri chenji.

Uwanja wa Tangamano, mashindano ya vijana.
Kabla yetu taarabu, baada yetu mchekeshaji.
Watu walikuja na viti vyao.
Wimbo wa kwanza walitutazama kama watu walioibiwa.
Wa pili, kijana mmoja wa Chumbageni akasimama juu ya kiti.
Wa tatu ulikuwa "Mkasi", na viti havikuonekana tena.
Mtu akarekodi kwa simu iliyopasuka kioo.
Wiki mbili tu, tukawa tumefika
mahali ambapo hatukujua pana watu.

Bwana mwenye shati la kitani alikuja na mkataba.
Wa mtu mmoja.
Aliniuliza jina langu pia, kwa heshima, akasema tutaona.
Nilikuwa na tenga begani, sikuweza kumpa mkono.
Mwantumu akasema haendi.
Nikamwambia nenda, mjinga wewe.
Nilidhani angesubiri nimwambie mara ya pili.

Sasa yuko juu ya bango la kampuni ya simu, hapa hapa stendi,
nywele zote zimerudi, rangi ile ile,
nami nauza machungwa kwenye kivuli cha kidevu chake.
Abiria wa Lushoto wakisikia tulisoma pamoja
huomba niwapunguzie bei, sijui kwa hesabu gani.

Jana redioni mtaalamu alichambua "Mkasi".
Akasema pale kwenye kiitikio, pigo la nne, ngoma hunyamaza,
na kimya kile ni ubunifu mkubwa,
ni pumzi ya kizazi kilichozibwa mdomo.
Nikaacha kumenya.

Sakafu ya gala la Mzee Kihiyo ina mteremko.
Debe lilikuwa likinikimbia.
Kila pigo la nne nililivuta kwa mguu.

Huko wana ngoma za bei ya nyumba, jukwaa tambarare,
mpigaji mwenye shahada.
Na kila pigo la nne, mbele ya maelfu,
anainua kijiti, anasubiri
debe langu lirudi.