Sanduku la Kilo Kumi

Waliniita mahakamani Daegu nikatambue sanduku.
Si mtu. Sanduku.
Boksi gumu la kijani kibichi,
na jina la marehemu mume wangu ubavuni:
*Matufaha ya Tak Yong-su, matamu tangu ua.*

"Shahidi, hili ni lako?"
Nikaligeuza. Kona moja ilipakwa gundi mara mbili.
Mkono wangu ule.
"Ni langu."
"Hubeba nini?"
"Matufaha."
"Kiasi gani?"
"Kilo kumi. Thelathini na mawili, kama mwaka ni wa mvua."

Mwendesha mashtaka akainua karatasi yake:
noti elfu kumi, kila moja won elfu hamsini,
zimepimwa mbele ya mashahidi,
kilo kumi kasorobo.
Ukumbi ukacheka. Jaji hakucheka.
Nami nikawaza ghala, mgongo, theluji ya Januari:
kumbe uzito ni uleule.

Mheshimiwa Pyo Gwang-sik alikaa
kama mtu anayengoja kung'olewa jino.
Pini ya bunge ilikuwa bado kwenye ukosi wa koti.
Hakunitazama.

Nilimpigia kura mara tatu.
Naandika hapa kwa sababu kortini sikuulizwa.
Mara ya kwanza, alimshika mume wangu mkono
unaonuka dawa ya miti, wala hakujifuta.
Mara ya pili, alituahidi handaki.
Mara ya tatu ni mazoea tu,
kama kurudi kutikisa mlango uliokwisha kuufunga.

Wakili wake akasimama: hiyo ni zawadi ya mavuno,
mila yetu, nani asiyepeleka matunda Chuseok?
Ni kweli. Hata mimi nilipeleka.
Hapo ndipo miguu ilipolegea.
Gundi mara mbili: ni lile nililompa mwenyewe,
limejaa, limefungwa utepe.
Waliyala matufaha, wakalitunza sanduku,
likaenda tupu kwa mwenye kampuni ya handaki,
likarudi zito.

Miaka minne. Rufaa. Rufaa nyingine.
Asubuhi mahakama ya juu iliposema basi,
kiti kilikuwa wazi kabla ya chakula cha mchana.
Wasaidizi wake tisa wakashuka ngazi
na birika la umeme, okidi kwenye chungu,
na kalenda ambayo bado ilikuwa na miadi.

Handaki limeishia mita mia mbili ndani ya mlima.
Popo ndio waliolizindua.
Gari la wagonjwa huzunguka kilima kama zamani;
Bibi Maeng, jirani yangu, alikata roho kwenye kona ya saba.
Hati ya mashtaka haikumtaja.

Sokoni wananitania: "Humu mna yale ya manjano?"
Wanabonyeza, wanacheka, hawanunui.
Mama yake Mheshimiwa huja jioni, ana miaka tisini.
Huchagua yaliyochubuka,
hulipa sarafu moja moja, akihesabu kwa sauti
hadi duka zima lisikie.
Siku moja nilimwongezea tufaha moja zima.
Alilirudisha mezani.

Aprili, miti ikiwa imechanua, uchaguzi mdogo ukaja.
Kijana mwenye jaketi jipya la chama akabisha hodi ghalani.
"Mama, una masanduku matupu?
Ya kubebea vipeperushi tu."
"Matupu siuzi."
"Basi nipe lililojaa."

Nikamshushia moja kutoka chumba cha baridi.
Akalikagua. "Mbona limetobolewa?"
Matundu manne kila upande,
makubwa, kidole gumba kinapita.
Nayatoboa mwenyewe usiku, kwa bisibisi ya Yong-su.

"Matufaha yanahitaji hewa," nikamwambia.
Akainama, akachungulia,
akaona wekundu gizani.
Akalipa.
Nikamwandikia risiti, akasema haihitaji.
Nikaikunja, nikamtilia mfukoni.