Kikombe cha Maji Sakafuni

Fundi wa kwanza alikuja ananukia marashi.
Alikuja na simu mbili, na picha za majiko ya watu
yanayong'aa kama meno ya kwenye tangazo.
"Mama, wiki mbili tu, utalisahau hili la zamani."
Sikulisahau. Wiki ya tisa nilikuwa bado napikia barazani,
mtungi wa gesi kando ya ndala,
na yeye yuko njiani.
Yuko Ubungo, yuko Buguruni, yuko njiani,
amefiwa na bibi yule yule mara ya tatu.

Alichoniachia: sinki linalorudisha maji,
makabati ya mbao mbichi yaliyopinda na masika,
soketi nyuma ya bomba,
na marumaru zilizopandana mabega
kama watu wanaogombea ndoo.
Robo tatu ya fedha nilikwisha kumpa mkononi.
Sikuwa na wa kumlaumu:
nilichagua mdomo, nikategemea mikono.

Safari hii sikuanza na bei.
Niliuliza: umefanya kazi wapi, kwa nani?
Nikaenda hadi Segerea kwa Bi Chausiku Mbonde,
nisiyemjua, anisamehe,
nikamwambia makabati yake sina haja nayo.
"Nifungulie chini ya sinki."
Akacheka, akapiga magoti pamoja nami.
Chini ya sinki ndipo fundi asipotegemea mgeni.
Pakavu.
Miaka minne, pakavu. Hata mende wamehama.

Ndivyo nilivyompata Skolastika, fundi bomba,
mwanamke mfupi, pimamaji yake kaifunga kwa kanga.
Hakutazama ukuta. Aliomba kikombe cha maji,
akayamwaga sakafuni, akachuchumaa, akanyamaza.
Sote tukayatazama yakitafuta njia,
yakaenda mlangoni, yakaupa mgongo mfereji.
"Sakafu yako ina uongo," akasema.
"Tuanzie hapa, la sivyo utampamba mgonjwa."

Hamduni wa umeme nilimpenda kwa neno moja.
Nilimuuliza juu ya waya wa oveni.
Akakuna kidevu: "Hiyo sijui. Nitamuuliza aliyenifundisha."
Sijui! Katika jiji hili, ambamo kila mtu anajua!
Jina lake nikaliandika kwa wino.

Na seremala wa Keko, Mzee Lukosi,
alinirudisha na pesa zangu.
"Mninga huu bado unalia. Njoo mwezi wa saba."
Nikaenda mwezi wa saba.

Malipo tuliyakata mafungu, tukatia sahihi,
fungu la mwisho likae kwangu
mpaka nipike pilau
na kuosha masufuria yake yote.
Mmoja alikasirika, akaaga.
Naye pia alinipa jibu.

Lakini siku ya kubomoa, Athanas mwashi
alishusha nyundo aliyokwisha kuiinua.
Palikuwa na doa la moshi ukutani, jeusi, la duara,
pale mama alipokuwa akiweka jiko la mkaa
miaka thelathini, akikohoa, akionja chumvi kiganjani.
"Hili," akauliza, "lina mwenyewe?"

Sikuweza kujibu.
Akaiegemeza nyundo mlangoni, akaenda kunywa chai.
Kikombe kimoja alikinywa saa nzima.

Jiko limekwisha. Si la picha.
Marumaru moja nyuma ya mlango imekaa upande;
nilibisha mimi, si wao, na hawakunicheka.
Kuna usiku naamka, nyumba imelala,
namwaga kikombe cha maji sakafuni.
Yanasita kidogo,
halafu kama yamekumbuka,
yanakwenda.