Lumbesa

Jumamosi, Mwanjelwa, saa moja asubuhi.
Ukungu umekalia mabati kama mpangaji anayedaiwa,
na foleni imepita kibanda changu
imefika hadi kwa muuza makoti ya mtumba.
Mimi ndiye ninayejaza nyimbo kwenye flashi na kadi za simu.
Miaka kumi na moja hapa
sijawahi kuombwa kitu kimoja na watu wote.

"Kungugu ametoa?"
Ametoa. Nyimbo thelathini na sita, sehemu mbili:
Kupanda, na Kushuka.
Ipyana wa Ilomba, aliyekuwa akipakia viazi Uyole,
hana meneja, redio hazimjui,
kaziba madirisha kwa trei za mayai
kauza ng'ombe wawili wa baba yake,
mmoja, inasemekana, baba akiwa safarini.

Kabla hawajasikiliza, wakagombania jina.
Atupele wa cherehani: kupanda ni mbegu.
Gwamaka: kupanda ni mlima, tazama Loleza ule pale,
mbegu inashukaje?
"Unaifukia," Atupele akasema, "ndiyo inashuka,"
akakata uzi kwa meno.

Jumatatu wakarudi, macho mekundu.

Sanga, dereva wa lori, hakuzima hata injini:
"Sehemu ya kwanza imeniishia Chimala.
Ya pili imenifikisha mizani ya Makambako nalia,
askari akadhani nimezidisha uzito."
Akanyamaza kidogo.
"Nilikuwa nimezidisha."

Wanafunzi wa Iyunga wameshika mistari ya matusi tu,
wanaitema wakipokezana, mmoja anagonga dumu.
Kijana mmoja aliyefunga skafu mpaka puani
anadai wimbo wa saba umemtaja dada yake.
Nikamchezea tena. Umemtaja.

Lakini ugomvi wenyewe ni ule wa ishirini na tisa.
Dakika tisa, hakuna ngoma.
Mvua juu ya bati, na sauti ya mama yake shambani
ikihesabu madebe yanavyoingia guniani:
la kwanza, la pili,
la sita, ambapo gunia hujaa,
la saba, ambapo hushonewa kilemba,
la nane,
la tisa, halafu mwanamume mmoja anakohoa
anataja bei ya gunia moja.
Basi. Ipyana mwenyewe hasemi neno.

"Ametufanyia lumbesa," Gwamaka akasema kwa sauti
ili foleni nzima imsikie.
"Nyimbo kumi na nane zilitosha. Hizi zingine ni kilemba."
Watu wakacheka. Hata mimi.

Mama Sekela alikuwa ameleta simu yake ichajiwe,
hakuja kwa ajili ya muziki.
"Lumbesa unaijua wewe?
Nimeijaza miaka ishirini na mbili, nikalipwa gunia.
Leo gunia lenye kilemba linakuja upande wangu,
mwanangu, halafu wewe
unataka nilipunguze?"

Hakuna aliyejibu.
Mwenye kudai chenji akasahau kuidai.

Jioni, nikifunga, Ipyana akaja kichwa ndani ya kofia ya sweta,
viatu vina udongo wa Uyole. Bado anapakia.
"Wanasemaje?"
Ningeweza kumwambia habari za Sanga na mizani.
Nikasema, "Wanasema ni ndefu."
"Wanaruka upi?"
"Wa ishirini na tisa. Wengine."
Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua.
"Hata mama anauruka," akasema.
Akaomba kiberiti, sikuwa nacho, akaondoka.

Mvua ikaanza juu ya bati,
chache kwanza, kisha kwa fujo.
Gwamaka alikuwa amejibanza chini ya paa langu akingoja ipungue,
mgongo kwangu, mikono mifukoni.
Midomo yake ilikuwa inacheza.
Nikasogea, nikamsikia:
la sita,
la saba.